Kivoi, Mkamba aliyejua kuna barafu kwenye ikweta

Kama ulisoma Historia shule ya upili, basi Kivoi unamkumbuka kwa mstari mmoja tu: mfanyabiashara wa masafa marefu kutoka Kitui. Unaandika hivyo kwenye mtihani, unapata alama yako moja, unaendelea na maisha. Lakini mzee huyu ana hadithi ndefu kuliko hiyo, na sehemu yake kubwa inahusu kitu ambacho leo kinawakosesha usingizi wabunge wa nchi za mbali huko Norway, Canada na Iceland. Barafu.

Tuanze na biashara, maana ndiyo iliyomjenga. Kivoi Mwendwa aliishi Kitui wakati Wakamba walikuwa ndio wenye barabara. Ukame ulikuwa ukipiga Ukambani mara kwa mara, chakula kinaisha, watu wanalazimika kutoka kwenda kubadilishana vitu na majirani. Safari hizo za kutafuta chakula zikakua zikawa biashara kamili. Kufikia miaka ya 1840 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na kurudi na nguo, shanga na shaba. Njia zilipita nyika kavu za Kibwezi na Yatta. Upande ule mwingine walivuka mto Tana kwenda kufanya biashara na Wambeere, Waembu na Wakikuyu.

Kivoi alikuwa bosi katika hayo yote. Msafara wake ulikuwa wa mamia ya watu, na jina lake lilifungua njia kuanzia Kitui hadi pwani. Tusimpake rangi ya malaika, hata hivyo. Alikuwa na wake wengi, na alikuwa na watumwa, kama matajiri wengi wa njia hiyo ya pembe. Anayetaka shujaa safi atafute kwingine. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba mtu wa namna hii, anayepita katika nchi za watu wa lugha tofauti na kurudi akiwa hai, lazima ajue mambo. Alijua nani anaelewana na nani, wapi kuna maji, mto unavukika mwezi gani. Na alijua kuhusu mlima mweupe.

Novemba 1849 akapata mgeni. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa na kituo Rabai, karibu na Mombasa, alifika nyumbani kwake baada ya kutembea wiki kadhaa. Krapf alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga pwani mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika, lakini akabaki. Kivoi alimkaribisha vizuri. Katika mazungumzo akamwambia kwamba ng'ambo ya Tana kuna mlima mkubwa, na juu yake kuna kitu cheupe ambacho hakiondoki. Wakamba waliuita Kiinyaa. Maelezo yanayojulikana sana Ukambani ni kwamba jina hilo linatokana na nyaa, yaani mbuni: dume lake lina manyoya meusi yenye weupe, na mlima ule ukiutazama kwa mbali ndivyo ulivyo, mwamba mweusi na barafu nyeupe.

Mlima wenyewe ulikuwa umejificha kwenye mawingu. Siku zikapita, mgeni hakuona chochote. Mnamo Desemba 3 mawingu yakafunguka kidogo na Krapf akaona vilele viwili kama pembe, vimefunikwa kwa weupe. Aliporudi pwani aliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutoka kwenye maandishi hayo likapata njia hadi kwenye ramani. Mwaka 1920 Waingereza walipogeuza himaya yao kuwa koloni, waliipa jina la mlima. Kwa hiyo ndugu yangu, kitambulisho chako na pasi yako vina jina ambalo Mkamba alimtajia Mjerumani akiwa Kitui.

Ulaya hawakuamini. Mwaka mmoja na nusu kabla, Mei 1848, mwenzake Krapf aitwaye Johannes Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro, na tayari alishafanywa kichekesho. Mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, aliandika kwa ujasiri mkubwa kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani, na kwamba wamishonari hao walidanganywa na macho yao. Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikuwa na vitabu, ramani za zamani na kiti kizuri. Ilibidi msafara mwingine wa Wazungu upande Kilimanjaro mwaka 1862 na kunyeshewa theluji ndipo mjadala ukapoa. Mlima Kenya ulisubiri hadi 1883, Joseph Thomson alipouona kutoka upande wa magharibi. Miaka 34 baada ya Kivoi kusema.

Na si Kivoi pekee aliyejua. Krapf aliporudi Ukambani mwaka 1851 alikutana na mtu kutoka Embu, Rumu wa Kikandi, ambaye alikuwa amefika kwenye mlima wenyewe. Alieleza kwamba hakupanda juu sana kwa sababu ya baridi kali, na kwa sababu ya kitu cheupe kinachoporomoka kutoka juu kwa kishindo kikubwa. Hiyo ni barafu inayovunjika, imeelezwa vizuri na mtu asiye na neno la kisayansi la kuiita. Ukweli ulikuwepo. Aliyekuwa anausema ndiye hakuhesabika kama shahidi.

Safari hiyo ya 1851 ndiyo iliyomuua Kivoi. Alikuwa amekubali kumpeleka Krapf hadi Tana. Wakaondoka Agosti na kundi la watu, na wakiwa karibu kabisa kufika mtoni wakavamiwa na majambazi. Wengi walitawanyika porini. Kivoi, ambaye angeweza kukimbia kama wengine, aliuawa pale pamoja na wachache waliobaki naye. Ilikuwa Agosti 27.

Krapf akabaki peke yake katika nchi asiyoijua, hana chakula wala maji. Akajikokota hadi Tana, akanywa, kisha akakosa chombo cha kubebea maji. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani. Miiba ya nyika ikang'oa majani, maji yakamwagika njiani. Akatembea usiku na kujificha mchana, hadi akafika tena kwa Wakamba akiwa taabani.

Hakupokewa kwa pole. Jamaa za Kivoi walimuuliza kwa nini yeye yuko hai. Kwa sheria ya Wakamba ya wakati huo, mtu akisafiri na mwenzake, usalama wa huyo mwenzake uko mikononi mwake, na haijalishi kama mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni. Huwezi kurudi peke yako ukasema ilikuwa bahati mbaya. Krapf aliona wazi kwamba maisha yake yamo hatarini, akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingine nyingi akafika Rabai. Maandishi mengi yaliyofuata husimulia kisa hiki kama ukatili wa watu wa bara dhidi ya mmishonari. Mimi nakisoma tofauti. Mzee mkubwa wa Kitui alikufa akitimiza ahadi aliyompa mgeni, na watu wake walikuwa wanadai haki kwa sheria waliyokuwa nayo.

Sasa turuke miaka zaidi ya mia moja na kwenda mbali, kwenye ncha mbili za dunia, maana huko nako watu walitafuta sheria ya kusafiri pamoja. Desemba 1, 1959, nchi 12 zilitia saini Mkataba wa Antaktika jijini Washington. Kutoka Afrika ilikuwepo Afrika Kusini peke yake. Walikubaliana bara lile la barafu la kusini litumike kwa amani na utafiti, hakuna majeshi, hakuna majaribio ya nyuklia. Mwaka 1991 wakaongeza itifaki jijini Madrid inayopiga marufuku uchimbaji wa madini. Hiyo si kazi ndogo. Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wakitunishiana misuli kila kona ya dunia, lakini kwenye barafu wakaelewana.

Kaskazini, kwenye Aktiki, ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu kule watu wanaishi na nchi nane zina ardhi. Huko wabunge ndio walisukuma. Mwaka 1993 wabunge wa nchi za Aktiki walikutana Reykjavik, Iceland, wakaanza kudai kwamba serikali zao ziwe na baraza la pamoja. Mwaka 1996 Baraza la Aktiki likaundwa Ottawa. Mabunge hayana majeshi wala meli za kuvunja barafu, lakini yanapitisha bajeti na sheria nyumbani, kwa hiyo wabunge wakikubaliana mambo wanayarudisha pale ambapo serikali lazima isikilize. Na kuna jambo moja ambalo lingemhusu Kivoi moja kwa moja: katika Baraza la Aktiki mashirika sita ya wenyeji, wakiwemo Wainuiti na Wasami, yana viti vya kudumu. Hawapigi kura kama nchi, lakini wanakaa mezani na lazima washauriwe. Watu walioijua barafu kwanza wanahesabika kuwa mashahidi.

Si kwamba kila kitu ni shwari. Machi 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, zile nchi nyingine saba zilisimamisha kushiriki mikutano ya Baraza, na kazi iliyochukua miongo kujengwa ikakwama. Barafu yenyewe haikusubiri wamalize ugomvi.

Ya kwetu je? Mwanzoni mwa karne ya 20 Mlima Kenya ulihesabiwa kuwa na mabonge 18 ya barafu ya kudumu. Leo yamebaki machache, na yaliyobaki ni vipande. Kubwa kuliko yote, linaloitwa Lewis, lilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro itakuwa imekwisha kufikia 2050. Wengi wanaosoma hapa watakuwa na watoto wa shule wakati huo.

Tuwe wakweli pia, kwa sababu jambo hili husemwa vibaya. Maji ya Tana hayatoki kwa barafu hasa. Yanatoka kwa mvua na misitu ya mlimani, na barafu huchangia kidogo. Ikiyeyuka yote kesho, Tana haitakauka keshokutwa. Lakini joto linalomaliza barafu na mvua inayobadilika ni ndugu, na hapo ndipo Ukambani inaguswa. Ukiwa Matiliku, karibu na kile kilima cha Nzaui ambako masimulizi ya Wakamba yanasema watu wa kwanza waliteremshwa, na nyayo zao zinaonyeshwa kwenye mwamba, uko katikati ya milima miwili. Kitui inavuta maji ya Tana kutoka Masinga. Upande wa Makueni, mabomba ya Nol-Turesh huleta maji kutoka miguuni mwa Kilimanjaro hadi Emali na Sultan Hamud. Mwenye mtungi anategemea mlima hata kama hajawahi kuuona.

Na gesi zinazopasha joto dunia hazikutoka Matiliku. Kwa hiyo mbunge wa Kenya hata akitunga sheria kali namna gani, na tunayo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, peke yake hawezi kuokoa barafu ya Kiinyaa. Lazima wa Berlin, Beijing na Washington nao wafungwe na sheria. Hili linawezekana, na ushahidi wake uko Nairobi. Wanasayansi Waingereza walipotangaza mwaka 1985 kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktika limetoboka, ilichukua miaka miwili tu kupata Itifaki ya Montreal. Nchi zote za dunia ziliishia kuiridhia, kila bunge likabana gesi zile za friji na makopo ya kupulizia, na sasa tundu lile linapona taratibu. Ofisi inayosimamia mkataba huo iko Gigiri. Ukipanda matatu za barabara ya Limuru unapita karibu nayo, kazi ya kulinda anga ya ncha ya kusini ikifanyika hapo karibu na Village Market.

Barafu ya ikweta bado haina mkataba wake. Haina baraza, haina viti sita vya wenyeji. Ina hifadhi ya taifa tangu 1949 na hadhi ya urithi wa dunia tangu 1997, ambavyo vinazuia watu kukata miti na kuwinda, lakini haviwezi kuzuia joto kupanda.

Wapandaji na wanasayansi waliokuja baadaye waliyapa mabonge yale majina. Lewis alikuwa mwanajiolojia Mmarekani. Kuna Tyndall, kuna Darwin, kulikuwa na Gregory, ambalo limeshayeyuka lote. Krapf naye alipewa lake. La Kivoi halipo.