Philip Henry Gosse: Mtu aliyeingiza bahari sebuleni

Ukiingia katika hoteli fulani mjini, au katika nyumba ya mtu mwenye uwezo kidogo, huenda ukakuta tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi wakizunguka taratibu. Watoto hulikimbilia. Hata mtu mzima aliyekuja na mawazo yake husimama, akatazama, na baada ya muda akajikuta ametulia.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya Mwingereza aliyechangia sana matangi hayo kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Jina lake ni Philip Henry Gosse. Maisha yake yanatuonyesha jinsi viumbe wa majini wanavyoweza kumponya mtu uchovu na kuwaunganisha baba na mwana. Yanatuonyesha pia hasara inayokuja pale kila mtu anapotaka kipande cha bahari kiwe chake.

Mtoto wa mchoraji maskini

Gosse alizaliwa tarehe 6 Aprili 1810 katika mji wa Worcester, Uingereza, akakulia Poole, mji wa bandari kusini mwa nchi hiyo. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha ndogo za watu, aliyetembea mji hadi mji akitafuta wateja. Fedha nyumbani zilikuwa haba. Kijana Philip alijifunza mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote: kuchora kwa mkono mwepesi kama baba yake, na kutazama viumbe wadogo wa ufukweni.

Mwaka 1827, akiwa na miaka 17, alivuka bahari ya Atlantiki kwenda Newfoundland kufanya kazi ya ukarani. Huko, mwaka 1832, alinunua kitabu kuhusu hadubini, akaanza kukusanya wadudu na kuwachora. Mwaka 1835 alihamia Kanada kujaribu kilimo, lakini baada ya miaka mitatu shamba lilimshinda. Akaenda Alabama, kusini mwa Marekani, kufundisha watoto wa wenye mashamba. Alipoona watumwa wanavyotendewa, moyo wake haukutulia, na hakukaa huko hata mwaka mmoja.

Kati ya 1844 na 1846 alikuwa Jamaica akikusanya ndege na wanyama wengine. Kazi kubwa ya kuwatafuta aliifanya pamoja na kijana mweusi wa Jamaica, Samuel Campbell, na Gosse alimtambua kwa jina katika maandishi yake. Wasomi wengi wa zama hizo hawakujali kuwataja wenyeji waliowasaidia.

Kichwa kinauma, daktari anasema pumzika

Aliporudi Uingereza aliishi London kwa kuandika vitabu. Mwaka 1848 alimwoa Emily Bowes, mwandishi wa vijitabu vya dini, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Edmund. Wote wawili walikuwa Wakristo wenye msimamo mkali. Nyumbani kwao hapakuwa na sherehe, na hata hadithi za kubuni mtoto hakusimuliwa.

Gosse alifanya kazi kupita kiasi. Asubuhi hadi usiku alikuwa mezani, jicho kwenye hadubini, kalamu mkononi. Kichwa kikaanza kumuuma mfululizo, na nguvu zikamwishia. Mwanzoni mwa 1852 akaichukua familia yake, wakaenda kukaa Devon, pwani ya kusini magharibi mwa Uingereza.

Huko, kila maji yalipokupwa, Gosse aliteremka kwenye miamba. Katika vidimbwi vilivyobaki alikuta kaa, kamba wadogo, viti vya pweza, mwani wa rangi nyingi, na anemoni, kiumbe laini mwenye mikono mingi anayefunguka kama ua. Mkewe alimfuata na kukusanya pamoja naye. Mtu aliyefika pwani akiwa amechoka akaanza kupata afya yake tena.

Tatizo lilikuwa kwamba viumbe wale hawakudumu nyumbani. Ukiwaweka katika bakuli la maji ya bahari, siku chache tu maji yananuka na wote wanakufa. Gosse alitaka kuwatazama kwa muda mrefu, wakila, wakikua na kuzaana. Hapo ndipo akageukia tangi la kioo.

Siri ya maji yanayobaki hai

Ni haki kusema kwamba Gosse hakuwa wa kwanza. Mwaka 1832, huko Sicily, mwanamke wa Kifaransa aitwaye Jeanne Villepreux-Power alitengeneza matangi ya kioo ili kumchunguza mnyama wa jamii ya pweza. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi, aliwaweka matumbawe hai nyumbani kwake London. Ili maji yapate hewa, yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine kila siku, kazi iliyomwangukia zaidi mtumishi wake wa ndani. Na mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyofuga samaki wawili wa rangi ya dhahabu pamoja na mimea na konokono bila kubadilisha maji.

Kanuni yenyewe ni rahisi, na anayefuga samaki bwawani anaijua hata kama hajaisoma popote. Mmea wa majini ukipata mwanga hutoa oksijeni, na samaki huivuta. Samaki naye hutoa hewa ukaa na kinyesi, na mmea huvitumia kukua. Konokono hula majani yaliyooza kabla hayajachafua maji. Kila mmoja anamfanyia mwenzake kazi. Ukiweka samaki wengi mno, au ukiwapa chakula wasichokimaliza, mizani inavunjika.

Ndiyo maana mfugaji akifika bwawani alfajiri anaweza kukuta samaki wakihema juu ya maji. Usiku hakuna mwanga. Mimea haitoi oksijeni, nayo pia inaitumia, na ikifika alfajiri akiba iko chini kabisa.

Mchango wa Gosse ulikuwa kuonyesha kwamba mizani hiyo inawezekana hata kwa maji ya chumvi na kwa viumbe wa baharini, kisha kuieleza kwa lugha ambayo mama wa nyumbani au fundi aliweza kuifuata. Alitoa pia maelekezo ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi za aina nne katika maji baridi, ili hata mtu aishiye mbali na pwani aweze kufuga.

Bahari yaingia majumbani

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua nyumba maalumu ya samaki ambayo watu wote waliruhusiwa kuitembelea. Gosse alikuwa miongoni mwa waliowakusanya viumbe wa kuijaza. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kiitwacho The Aquarium, chenye picha za rangi alizozichora mwenyewe. Kilinunuliwa sana, na jina hilo likashika hadi leo katika lugha nyingi.

Wakati ulimsaidia. Kodi ya kioo ilikuwa imefutwa Uingereza mwaka 1845, hivyo kioo kilikuwa nafuu. Reli nazo zilikuwa zimefika pwani, na familia za mjini ziliweza kwenda na kurudi. Gosse mwenyewe aliongoza makundi ya watu ufukweni, akiwafundisha kugeuza jiwe, kutazama, na kutambua walichokiona. Katika muda mfupi tangi la kioo likawa pambo la sebule, na wazazi na watoto wakakaa mbele yake jioni.

Msiba, kisha kidimbwi

Mwaka 1856 Emily aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alipewa tiba ya maumivu makali isiyofanikiwa, akafariki Februari 1857. Edmund alikuwa na miaka saba.

Mwaka huohuo Gosse alitoa kitabu cha kujaribu kupatanisha umri wa miamba na masimulizi ya Biblia kuhusu uumbaji. Kilikataliwa na wanasayansi, na watu wa dini nao hawakukipokea. Mjane huyo akamchukua mwanawe na kuhamia St Marychurch, Devon, karibu na ile pwani iliyompa afya miaka mitano nyuma.

Baba na mwana walishuka miambani mara kwa mara. Baba alikuwa mtu mzito, mwenye masharti mengi, na nyumbani mtoto aliishi chini ya sala na makatazo. Lakini Edmund alipokuwa mtu mzima na mwandishi maarufu, alitoa mwaka 1907 kitabu kuhusu maisha yao, na humo alieleza kwamba baba yake alilegea na kuwa na furaha pale ufukweni kuliko mahali pengine. Huko mtoto hakuwa wa kukemewa. Alikuwa mwenzake wa kazi. Safari moja Edmund aliona anemoni wa aina ambayo ilikuwa bado haijaandikwa katika orodha ya viumbe wa Uingereza, na baba akautambua ugunduzi huo.

Baadaye wawili hao walitofautiana vikali kuhusu imani, na tofauti hiyo haikwisha. Viumbe wa majini hawakumaliza ugomvi wao. Waliwapa miaka michache ya kuwa pamoja bila ugomvi, na miaka hiyo mwana aliikumbuka hadi uzeeni.

Gharama iliyolipwa na pwani

Hapa tunafika kwenye upande mchungu. Wasomaji wa Gosse walimiminika pwani wakiwa na ndoo, nyundo na patasi. Kila mmoja alitaka kujaza tangi lake. Wengi hawakujali mizani aliyoifundisha, viumbe wakafa, nao wakarudi kuchukua wengine. Vidimbwi vilivyokuwa vimejaa uhai vikabaki mawe matupu. Edmund aliandika kwamba jambo hilo lilimuumiza sana baba yake, kwa kuwa vitabu vyake mwenyewe ndivyo vilivyowaonyesha watu njia.

Gosse alioa tena mwaka 1860, mke wake wa pili akiitwa Eliza Brightwen. Aliendelea kuchunguza viumbe hadi uzeeni, akafariki tarehe 23 Agosti 1888 huko St Marychurch.

Tunachobaki nacho

Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Exeter na Plymouth walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika jumba kubwa la samaki mjini Plymouth, katika Devon ileile. Waliona kwamba watu waliotazama tangi kubwa mapigo yao ya moyo yalipungua, na kadiri samaki walivyoongezwa, ndivyo watu walivyovutiwa na kutazama kwa muda mrefu zaidi. Gosse alilijua hilo mwilini mwake bila kipimo.

Kwa msikilizaji wetu wa kijijini, faida hii haihitaji kioo cha bei kubwa. Bwawa dogo la perege au kambale ni kitoweo, na ni mahali pa mzazi kukaa na mtoto jioni akimfundisha kwa nini majani yanahitajika na kwa nini chakula kisizidi. Liwekewe uzio tu, kwani maji hayamjui mtoto mdogo.

Na somo la pwani ya Devon linatuhusu pia. Samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa huuzwa kwa wenye matangi Ulaya na kwingineko, na baadhi yao huishi katika eneo dogo tu la mwambao. Wakivuliwa bila mpango, hawana kwingine pa kutoka. Ukichukua, acha wa kuzaana.