Sarah Sophia Banks, mwanamke aliyechunga feza ndogo za wachuuzi

Wakati wakubwa wa Uingereza walitafuta sarafu za zahabu za wafalme wa zamani, mwanamke mmoja wa London alikuwa anaweka pia vipande vya shaba vya wenye maduka. Sarah Sophia Banks alifariki tarehe 27 mwezi wa tisa 1818, akiacha sarafu, medali na vipande vya aina hiyo zaidi ya 9 000.

Alizaliwa London mwaka 1744, katika familia tajiri yenye mashamba huko Lincolnshire. Kaka yake, Joseph Banks, alizunguka dunia na kapteni James Cook kuanzia 1768 hadi 1771, kisha kuanzia 1778 akaongoza Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Sarah hakuolewa. Baada ya kaka yake kuoa mwaka 1779, aliishi naye na wifi yake, Dorothea, katika nyumba yao ya Soho Square.

Wanasayansi walipita humo kila mara, lakini chama chao hakikupokea wanawake. Wa kwanza waliingia mwaka 1945. Sarah alifanya kazi yake nyumbani.

Historia ya feza za wachuuzi ilianza karibu miaka mia moja kabla yake. Kati ya 1648 na 1672, feza ndogo zilikosekana Uingereza. Mtu alinunua mkate ao pombe, muuzaji akakosa cha kumrudishia. Wenye maduka na vilabu wakatengenezesha vipande vyao vya robo peni na nusu peni. Viliandikwa jina la mwenye duka, mahali pake, na mara nyingi herufi za kwanza za majina ya mume na mke. Picha ya alama ya duka ilisaidia wasiojua kusoma. Mwaka 1672, mfalme Charles wa Pili alitoa feza zake za shaba na kupiga marufuku zile za wachuuzi.

Shida ilirudi Sarah akiwa mtu mzima. Mwaka 1787, kampuni ya shaba ya Parys, kisiwani Anglesey, ilianza kutoa peni zake, na wafanyabiashara wa miji mingi wakafuata. Sarah alizitafuta, akazipanga kwa kufuata inchi na mahali zilipotoka, na kuandika katika daftari nani alimpa. Aliweka pia feza za Afrika, zikiwemo za Kampuni ya Sierra Leone. Mbali na sarafu, alikusanya karibu karatasi 20 000: tiketi, matangazo, kadi za maduka, na nyimbo zilizouzwa barabarani.

Watu walimcheka. Alivaa nguo nzito za kupanda farasi hata mjini, mifuko imejaa vitabu. Inasimuliwa kwamba siku moja, akinunua karatasi za nyimbo, muuzaji alimpunguzia bei akidhani ni mmoja wa waimbaji wa barabarani.

Baada ya kifo chake, wifi yake aliitoa mali hiyo kwa serikali. Jumba la makumbusho la British Museum lilichagua kwanza, na sarafu ambazo lilikuwa nazo tayari zikaenda kwa kiwanda cha feza cha mfalme. Karatasi nazo ziligawanywa, na leo nyingine ziko British Library. Kazi ya maisha yake ikatawanyika, naye kwa muda mrefu akajulikana tu kama dada ya Joseph Banks.

Lakini daftari zake zilibaki. Kwa kuzifuata, watafiti wa miaka ya karibuni wameweza kuonyesha tena vipande gani vilikuwa vyake na vilimfikia kwa njia gani. Katika vipande hivyo yanasomeka majina ya wachuuzi wa miji midogo, watu ambao pengine hakuna aliyewachongea sanamu.