Urbain Le Verrier: Mwanafalaki Aliyeifuata Sayari kwa Kalamu

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi hapakosi moto. Ni wachache katika historia ya falaki walioyathibitisha maneno hayo kama Urbain Le Verrier, Mfaransa aliyeonyesha mahali ilipo sayari kwa kalamu na karatasi kabla ya yeyote kuitambua kwa darubini. Hata hivyo, maisha yake yanatufunza pia kwamba moshi waweza kuonekana bayana, na moto wake usiwe ule unaodhaniwa.

Le Verrier alizaliwa tarehe 11 Machi 1811 mjini Saint-Lô, katika eneo la Normandie, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Alipoanguka mtihani wa kuingia chuo mashuhuri cha École Polytechnique, babake aliuza nyumba ili amgharimie masomo zaidi jijini Paris. Kujinyima huko hakukupotea bure, kwani mwaka wa 1831 kijana alifaulu kujiunga na chuo hicho. Alianza kwa kuchunguza kemia, hususan misombo ya fosforasi. Nafasi ya ukufunzi wa falaki ilipojitokeza chuoni humo mwaka wa 1837, aliipokea na kuiacha kemia moja kwa moja.

Sayari ya kwanza kumshughulisha sana ilikuwa Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua. Mara kadhaa katika kila karne, Utaridi hupita baina ya dunia na jua, ikaonekana kama nukta nyeusi inayoukata uso wa jua, na wakati wa kupita kwake huweza kupimwa kwa saa. Le Verrier alikokotoa wakati wa mpito wa tarehe 8 Mei 1845. Wachunguzi wa Marekani walipoutazama, waligundua kuwa hesabu zake zilikosea kwa sekunde 16 hivi. Mwingine angejipongeza, yeye hakuridhika.

Mwaka huohuo, François Arago, aliyekuwa kinara wa falaki nchini Ufaransa, alimshauri ashughulikie fumbo la Uranusi. Tangu igunduliwe na William Herschel mwaka wa 1781, sayari hii ilikuwa imekataa kufuata majedwali ya wataalamu. Kwa miaka kadhaa ilitangulia, kisha ikaanza kuchelewa. Baadhi ya wataalamu walishuku kuwa sheria ya uvutano ya Newton hulegea mbali na jua. Le Verrier alishika njia nyingine. Ikiwa kuna sayari nyingine mbele zaidi, basi huivuta Uranusi na kuiharakisha inapoifuata kwa nyuma, na huirudisha nyuma inapokwisha kupitwa. Kutokana na kuwahi na kuchelewa huko, alikokotoa mahali sayari hiyo iliyofichika ingepatikana angani.

Barua yake ilimfikia Johann Galle jijini Berlin tarehe 23 Septemba 1846. Usiku huohuo, Galle na mwanafunzi Heinrich d'Arrest waliilinganisha anga na ramani mpya ya nyota. Nukta moja haikuwamo ramanini. Ilikuwa umbali wa chini ya digrii moja kutoka pale Le Verrier alipopataja. Sayari ya Neptuni ilikuwa imepatikana. Furaha hiyo ilifuatwa na mzozo, maana nchini Uingereza John Couch Adams alikuwa amefanya hesabu za namna hiyo. Tena, wachunguzi wa Cambridge walikuwa wameinakili sayari hiyo wiki chache awali bila kuitambua.

Mwaka wa 1854 Le Verrier alifanywa mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Paris. Mnamo Novemba mwaka huo, dhoruba iliangamiza meli za Ufaransa na Uingereza katika Bahari Nyeusi wakati wa Vita vya Crimea. Alipoombwa kuichunguza, alibaini kuwa dhoruba ile ilikuwa imelivuka bara la Ulaya, na kwamba simu za maandishi zingeweza kutoa onyo. Hivyo akawa miongoni mwa waasisi wa utabiri wa hali ya hewa. Lakini ukali wake kwa wafanyakazi uliwafukuza wengi, naye mwenyewe akaachishwa kazi mwaka wa 1870. Alirejeshwa mwaka wa 1873, baada ya mrithi wake, Charles Delaunay, kufa maji.

Utaridi nao haukumpa usingizi. Kwa kuchambua nyakati za mipito yake kuanzia mwaka wa 1697 hadi 1848, alitangaza mwaka wa 1859 kuwa obiti yake ilikuwa ikigeuka kidogo kupita kiasi: sekunde 38 za tao kwa karne, ambazo sayari zilizojulikana hazikuweza kuzieleza. Sekunde ya tao ni sehemu moja tu ya 3,600 ya digrii. Alirejelea mbinu iliyompa ushindi, akadai kuwa kuna kitu kisichoonekana karibu na jua. Daktari wa kijijini, Lescarbault, aliposema ameona nukta ikipita mbele ya jua, Le Verrier alimsadiki, na sayari hiyo ikaitwa Vulcan. Ilisakwa wakati wa kupatwa kwa jua, wala haikupatikana. Aliaga dunia tarehe 23 Septemba 1877, miaka 31 kamili baada ya usiku wa Berlin, akiwa bado na imani hiyo.

Mwaka wa 1915, Albert Einstein alionyesha kuwa Vulcan haipo. Kipimo cha Le Verrier hakikuwa na kasoro kubwa, kwani thamani inayokubaliwa leo ni sekunde 43. Kilichopungukiwa kilikuwa sheria ya Newton yenyewe.

Mbinu yake haikuzikwa naye. Mwaka wa 2005 makundi mawili ya wataalamu yalieleza jinsi ya kuitumia kwa sayari za nyota nyingine. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua kidogo. Ikiwa iko peke yake, hupita kwa vipindi sawa. Ikiwa na mwenzake, huwahi au huchelewa. Mwaka wa 2011, kwa kutumia darubini ya angani ya Kepler, iligunduliwa kuwa Kepler-19b, inayopita kila baada ya siku 9 hivi, ilikuwa ikitangulia na kuchelewa kwa takriban dakika 5. Hivyo ikatambuliwa Kepler-19c, ambayo haijaonekana ikipita. Hata hivyo, uzito na obiti yake havikubainika hadi vipimo vya aina nyingine vilipoongezwa na kuchapishwa mwaka wa 2017. Kwa njia iyo hiyo zimekadiriwa tungamo za sayari saba za nyota ya TRAPPIST-1.

Naam, Le Verrier aliusoma moshi mara mbili kwa umakini ule ule. Mara ya kwanza alikuta sayari, na mara ya pili wengine wakakuta sheria mpya ya maumbile. Mtafiti hana budi kuiheshimu hitilafu ndogo katika hesabu zake, lakini asiharakishe kuipa jina.