Mwenda wa Bayeke, gita ya vidole mbili

Bandugu ba kazi, vijana ba kwetu hapa Kinsevere balichanga franga, bakanunua gita ya umeme na bafle yake. Banatafuta ile sauti nzito ya blues, ya Jimi Hendrix wa Marekani. Si vibaya. Hata ndani ya ile gita muko shaba: waya mwembamba, umezungushwa mara maelfu chini ya kamba, njo unakamata sauti. Lakini siye bakubwa tunabauliza: na sauti ya Mwenda, nani ataitafuta?

Mwenda Jean Bosco alizaliwa 1930 ku Bunkeya, kwa Bayeke, batu ba Msiri, bale balijua shaba mbele Mzungu hajafika. Mu 1952 alikuwa Jadotville, njo Likasi ya leo, kijana wa miaka 22 hivi. Hugh Tracey alifika kule na mashini ya kukamata sauti, akarekodi Masanga. Disiki zikaenda mbali. Kiisha Mwenda mwenyewe akaenda Nairobi, na bapigaji ba Kenya bakafuata mkono wake. Mu 1969 akapiga ku Newport, Marekani.

Wengi wakisikia Masanga banafikiri kuko magita mbili. Hapana. Ni moja, bila umeme, na vidole mbili. Gumba linapiga kamba nene, linatembea kama mutu wa kazi asiyechoka. Kidole kinachofuata kinaimba juu yake. Muingereza mumoja, John Low, alikuja mupaka Shaba kutafuta ule upigaji. Kitabu chake kilitoka 1982. Ule alitoka Uingereza! Siye tuko karibu kilometa 30 tu na Lubumbashi.

Mwenda alikufa mu 1990 kwa aksida ya motokari, kule Zambia.

Rafiki yetu mumoja alikuwa anapiga Masanga kila siku ya Mungu. Kwenye kazi yake ya zamani, jiwe lilikandamiza kile kidole cha pili, bakakikata. Bakamulipa kidogo, juu kwenye karatasi ni kidole kimoja tu. Kwa gita ya Mwenda, njo nusu ya yote. Sandika tulipigania, tukashindwa.

Sasa mangaribi anakaa na bale vijana. Anabaambia bazime bafle, kisha anapiga gumba peke yake, polepole. Ile sauti ya juu, mutoto mumoja njo anamutafutia.