Thurgood Marshall: Alitimuliwa chuoni kwa kunyoa 'mono', akaja kusimama Lancaster na kina Mboya

KAMA umepata barua ya kujiunga na chuo kikuu, jiandae. Wiki ya kwanza tu utavutwa kila upande: chama cha watu wa kaunti yenu, klabu ya densi, kikundi cha dini, kambi ya siasa ya macomrade. Kila mmoja atakuahidi udugu. Kabla hujamwambia yeyote ndiyo, hebu msikilize huyu jamaa anaitwa Thurgood Marshall.

Alizaliwa Julai 2, 1908 mjini Baltimore, Marekani. Mamake alikuwa mwalimu, babake mhudumu wa treni. Jina lake halisi lilikuwa Thoroughgood, lakini akiwa shule ya msingi aliona kuliandika ni kazi bure, akalikata. Darasani alikuwa mtundu wa kupindukia. Akikosea, adhabu yake ilikuwa kusoma Katiba ya Marekani. Alikosea sana, kwa hivyo karibu Katiba yote akaishika kwa moyo.

Mwaka wa 1925 alijiunga na Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania. Wanafunzi wa hapo walikuwa weusi, walimu wao weupe. Mshairi Langston Hughes alikuwa mwanafunzi mwenzake, na miaka hiyo hiyo alipitia hapo Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria.

Katika vyuo vya Marekani kuna vyama vya udugu vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Vya wavulana ni vya ndugu, vya wasichana ni vya dada, na ukishaingia wewe ni mwanachama hadi kaburini. Wanafunzi weupe walikuwa na vyao na hawakutaka mweusi ndani. Ndipo mwaka wa 1906, vijana saba weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaanzisha chao, Alpha Phi Alpha. Walikuwa wachache na wapweke kampasini, hivyo udugu ulikuwa njia ya kusaidiana kumaliza masomo.

Marshall alikuwa mwanachama wa Alpha. Kusema kweli, wakati huo alikuwa amekuja kula raha. Karata, stori, utani, vitabu baadaye. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Akiwa mwaka wa pili, yeye na wenzake waliwahangaisha wanafunzi wapya hadi kuwanyoa vichwa kwa lazima. Wewe uliyekuwa mono shule ya bweni unaijua hadithi hii. Aliyeteswa jana anangoja wa kumtesa leo, na wote wanaita hiyo mila. Usimamizi wa chuo haukuona mzaha. Marshall akasimamishwa masomo.

Hebu fikiria kama safari yake ingeishia hapo, kwa sababu ya wembe na kicheko cha marafiki.

Bahati nzuri alirudi, na kundi la marafiki likapata kazi nyingine. Katika mji mdogo wa Oxford, karibu na chuo, jumba la sinema liliwalazimu watu weusi kukaa juu. Siku moja Marshall na wenzake waliketi chini, kwenye viti vya weupe. Wakaambiwa watoke, wakakataa kubanduka. Ni vijana wa chuo kile kile, wenye ukaidi ule ule. Tofauti ni kwamba mara hii hawakumwonea mnyonge.

Hughes naye alimchokoza akili. Wanafunzi walipojadili kama Lincoln iajiri walimu weusi, mwanzoni Marshall alikuwa na wengi waliopinga. Baadaye akabadili msimamo. Angalia hapo: Hughes alikuwa wa udugu mwingine kabisa, Omega Psi Phi. Rafiki wa kukufumbua macho si lazima awe wa kundi lako.

Mwaka wa 1929 alimwoa Vivien Burey, akatulia, na mwaka uliofuata akahitimu kwa alama nzuri. Chuo cha sheria cha Maryland, nyumbani kwao, hakikuwachukua weusi, kwa hivyo akaenda Howard mjini Washington. Mamake aliweka rehani pete zake za ndoa ili karo ipatikane. Mwaka wa 1933 kijana akaongoza darasa.

Kesi yake ya kwanza kubwa ilikuwa dhidi ya Maryland hiyo hiyo, akimtetea Donald Murray aliyenyimwa nafasi kwa sababu ya rangi. Udugu wa Alpha ndio uliokuwa umeanza kuishughulikia kesi hiyo. Walishinda. Hapo ndipo unaona maana ya neno ndugu: watu waliochanga akili na wakili ili mwenzao asome.

Mwaka wa 1954 alishinda kesi ya Brown iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma. Mbele ya Mahakama ya Juu alipeleka kesi 32, akashinda 29. Mwaka wa 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo. Alifariki Januari 24, 1993.

Na sisi je? Januari 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alitua Nairobi. Wakoloni walimzuia kuingia katika mkutano wa viongozi Waafrika huko Kiambu. Akaelekea London, kwenye kongamano la Lancaster House, akawa mshauri wa wajumbe wetu na kuandika rasimu ya sura ya haki. Alisisitiza kwamba Kenya huru iwalinde hata walio wachache, wakiwemo Wahindi na wazungu. Mtu aliyewahi kuwanyoa wadogo wake chuoni alikuja kuhofia wanyonge wa nchi isiyo yake.

Kwa hivyo, jiunge. Chuo bila watu ni kigumu. Lakini kabla hujaingia, uliza kundi hilo linawafanyia nini walio chini yao. Na siku likikukabidhi wembe umnyoe mgeni, kumbuka nafasi yako chuoni ni yako peke yako. Wanaokushangilia hawatapanda matatu nawe kurudi kwenu ukifukuzwa.