Honda Kabla ya Kuwa Pikipiki

Nilipokuwa mdogo kule Mngeta nilidhani Honda ni jina la chuma. Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwenye pampu ya jirani yetu ya kumwagilia bustani, likaandikwa tena kwenye pikipiki ya bwana shamba, basi mimi nikaamini kila kitu kinachotoa moshi lazima kiandikwe hivyo. Nimekuja kujua nikiwa kidato cha tatu kwamba Honda ni mtu, Soichiro Honda, na kwamba biashara yake ilianza kwa kufunga injini ya jenereta kwenye baiskeli. Siku hiyo nilimtafuta kaka yangu nikamsomea habari ile mara mbili. Yeye alikuwa ameshafanya kitu hichohicho nyuma ya nyumba yetu, na mtaa mzima ulikuwa umemcheka.

Naandika maisha ya mzee huyu kwa sababu hapa chuoni, hasa sisi wa elimu, tunalitumia jina lake vibaya. Ukianza mjadala wa vyeti hakosekani mtu wa kusema eti Honda hakusoma na bado akatajirika. Mara nyingi msemaji ana sapu mbili. Nimefuatilia kisa chenyewe, na hakiko hivyo.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, na mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Baiskeli zilipoanza kuenea, Gihei alinunua mbovu kwa bei ya chini, akazitengeneza na kuziuza. Kwa hiyo mtoto alikulia katikati ya vyuma kama sisi tulivyokulia katikati ya magunia ya mpunga. Gari la kwanza lilipopita kijijini kwao alilikimbiza, na lilipodondosha oili barabarani aliinama kuinusa.

Mwaka 1917, akiwa na miaka 10, alisikia kwamba rubani Mmarekani, Art Smith, angerusha ndege mjini. Ni mwendo wa kama kilomita 20. Alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, na kwa kuwa ilikuwa kubwa kuliko yeye, aliupitisha mguu ndani ya fremu chini ya bomba la juu akaendesha hivyohivyo kiupandeupande. Wasomaji mliojifunzia baiskeli kijijini mnaijua staili hiyo. Alipofika, hela ya kiingilio haikutosha, akapanda juu ya mti akaangalia bure. Aliporudi alitegemea kipigo, lakini baba yake alivyosikia mtoto amefika kule peke yake na ameiona ndege kweli, hasira ziliisha.

Shuleni hakuwa kitu. Ripoti za maendeleo zilitakiwa zigongwe muhuri wa mzazi, maana Wajapani hutumia muhuri mahali ambapo sisi tunaweka saini. Soichiro hakutaka baba aone alama zake, akachonga muhuri wa ukoo kwa kipande cha mpira wa pedali ya baiskeli. Ukakubali. Wenzake wakamwomba awachongee na wao, akawachongea, na hapo ndipo alipokamatwa. Jina la Honda kwa maandishi ya Kijapani linafanana kulia na kushoto, kwa hiyo hata ukilichonga bila kuligeuza linatoka sawa. Majina ya wenzake yalitoka kinyumenyume. Sisi tunaosomea kozi za upimaji tungemwandikia nini mtoto huyu kwenye ripoti? Kughushi nyaraka, bila shaka. Na kazi ya mkono?

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza ufundi kwenye gereji iliyoitwa Art Shokai. Miezi ya kwanza hakugusa spana. Alipewa mtoto wa bosi ambembeleze, na ufagio. Tetemeko kubwa la tarehe 1 Septemba 1923 liliunguza sehemu kubwa ya jiji, mafundi wengi wakarudi makwao, na yeye aliyebaki ndipo akapata nafasi ya kushika magari. Alikaa miaka sita. Mwaka 1928 bosi wake, Yuzo Sakakibara, alimruhusu afungue tawi Hamamatsu. Alikuwa na miaka 21, chini ya umri wangu leo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo watu wa mijadala huwa wanairuka. Gereji ilimlipa vizuri, lakini alichoka kutengeneza vya wenzake. Akataka kutengeneza ringi za pistoni, zile pete nyembamba za chuma zinazoziba nafasi kati ya pistoni na silinda ili nguvu ya mlipuko isivuje na oili isipande juu kuungua. Ni kitu kidogo unachoweza kukivaa kidoleni, na kilimshinda. Alichoma chuma usiku na mchana, na ringi zikatoka ama ngumu zinavunjika, ama laini hazirudi kwenye umbo. Alikwenda kwa wahunzi wa zamani wakashindwa kumweleza kosa liko wapi. Mwisho akaenda kwenye chuo cha ufundi cha Hamamatsu, mwalimu mmoja akapima chuma chake akamwambia silikoni ni pungufu. Honda hakujua hata kwamba silikoni inahusika.

Basi alirudi shule. Mtu mwenye miaka 30, mwenye gereji, mke na wafanyakazi, akakaa darasani na vijana. Alisikiliza yale yaliyohusu ringi na mengine akayaacha yapite. Mitihani hakufanya. Baada ya kama miaka miwili chuo kikamwondoa. Kwa lugha ya hapa kwetu, alidisko. Lakini alidisko akiwa ameshapata jibu alilolifuata, na hapo ndipo anapotofautiana na rafiki zetu wa sapu. Hata hivyo kujua sababu hakukumaliza kazi. Kati ya ringi 50 alizopeleka Toyota zikaguliwe, zilipita 3 tu. Ilibidi aendelee kutafuta njia ya kuzitengeneza nyingi zikiwa sawasawa, hadi kampuni yake, Tokai Seiki, ikaanza kuuza.

Vita vilimnyang'anya karibu vyote. Mabomu yalipiga Hamamatsu, na Januari 1945 tetemeko likaangusha kiwanda kilichobaki. Vita vilipoisha aliiuzia Toyota hisa zake kwa yeni 450,000, akatangaza kwamba anapumzika mwaka mzima. Alinunua pipa la spiriti, akawa anajitengenezea pombe nyumbani na kupiga filimbi. Mke wake, Sachi, alikuwa akihangaika na chakula.

Chakula chenyewe kilikuwa shamba. Treni zilijaa, petroli ilikuwa ya mgao, watu wakapanda baiskeli kwenda vijijini kutafuta mchele. Watu wa Kilombero hili halihitaji maelezo. Mchele ukiwa mbali, barabara ni tope, na kilo 50 zimekaa kwenye kariya, kilima kidogo tu unakiona Udzungwa.

Mwaka 1946, akiwa nyumbani kwa rafiki yake, Honda aliona injini ndogo ya jenereta iliyokuwa ikiipa umeme redio ya jeshi. Jeshi lilishavunjwa, injini hazikuwa na kazi. Akaichukua akaifunga kwenye baiskeli. Kwa tanki la mafuta alitumia chombo cha bati ambacho Wajapani hujaza maji ya moto na kulala nacho siku za baridi. Mwanzoni injini ilikaa mbele, na roli yake ikasugua tairi la mbele ili lizunguke. Tairi za wakati ule zilikuwa hafifu, zikaliwa upesi. Akabadilisha, akaweka mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma.

Kaka yangu alipita njia hiyohiyo bila kumjua Honda. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa divisheni ziro, na baba alikuwa hasemi naye mezani. Alipata jenereta ndogo ambayo koili imeungua, haitoi umeme lakini injini inawaka. Na yeye alianza na roli, kipande cha bomba la chuma alichochomelea kwenye shafti, kikikandamiza tairi la nyuma. Tairi la Phoenix lilimaliza siku nne. Ndipo akachukua ringi ya baiskeli ya mtoto, akaifunga kwa waya kwenye spoku za gurudumu la nyuma, na mkanda chakavu wa pawatila ukapita humo kama kwenye puli. Injini ilibanwa kwenye fremu kwa vyuma bapa na vipande vya tyubu ili isitetemeke sana. Mafuta yalikuwa kwenye kidumu kilichoning'inia chini ya usukani, yakishuka kwa mpira wa dripu.

Honda alimpa Sachi aende kuijaribu barabarani. Alitaka kujua kama mtu asiye fundi anaweza kuiendesha, na pia, nadhani, alitaka watu waione. Sachi alirudi na suruali yake nzuri imelowa mafuta yaliyorushwa na kabureta. Mume wake akaenda kurekebisha kabureta. Mimi kaka alinipa ya kwake nikiwa darasa la saba. Nilikwenda kutoka kwetu hadi karibu na stesheni ya TAZARA, nikapiga kelele njia nzima, nikarudi na kitenge cha mama kina madoa ambayo hayajatoka hadi leo. Mama hakutengeneza kabureta. Alitutandika wote wawili.

Oktoba 1946 Honda alifungua karakana ndogo Hamamatsu na kuziuza baiskeli hizo. Injini za jeshi zilikuwa kama 500, zikaisha. Hapo ndipo alipolazimika kutengeneza yake mwenyewe, na Novemba 1947 ikatoka ya kwanza kuuzwa, ya sisi 50. Wateja waliziita bata-bata kwa sababu ya mlio wake. Sisi tuliita pikipiki kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka huohuo aliajiri kijana mmoja, Kiyoshi Kawashima, mhitimu wa chuo kilekile kilichomwondoa yeye. Kampuni ya Honda ilisajiliwa tarehe 24 Septemba 1948, na mwaka uliofuata akampata Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na masoko. Yule mtoto aliyechonga muhuri wa uongo alimkabidhi Fujisawa muhuri halali wa kampuni, akaenda zake karakana. Mwaka 1952 Fujisawa aliwaandikia barua wenye maduka ya baiskeli wapatao 50,000 nchi nzima wauze injini ya kufunga kwenye baiskeli. Mwaka 1958 ikaja Super Cub, ambayo kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Mashindano ya Isle of Man, magari, mamilioni, hayo yote mnayapata popote.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali, akikasirika wafanyakazi walikaa mbali na spana zake. Oktoba 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja, na kiti hakumwachia mwanawe. Alikirithi Kawashima, mwenye cheti. Kisha Honda akazunguka viwandani na kwenye maduka kuwashika mikono wafanyakazi. Mmoja wao alitaka kwanza akanawe oili, Honda akaushika mkono ulivyokuwa. Alifariki tarehe 5 Agosti 1991. Alikataza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu kampuni ya magari haipaswi kusababisha foleni.

Baiskeli ya kaka ilidumu msimu mmoja wa mavuno. Ilibeba mpunga wetu na wa majirani waliocheka, kisha ikaanza kupoteza nguvu na kutoa moshi mweupe. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha. Alitafuta Ifakara yote, hakuna saizi yake. Ringi zilezile zilizomsumbua Honda. Tofauti ni kwamba Honda alipokwama alikuwa na mlango wa kugonga, akakuta mwalimu aliyekubali kupima chuma cha mtu asiye mwanafunzi wake. Kaka naye aligonga. Alirudi sekondari aliyosoma, akamuuliza mwalimu wa fizikia kama ringi inaweza kuchongwa. Aliulizwa anakuja kufuata nini na ziro yake. Siku hizi anatengeneza pawatila, anaishi vizuri, na hilo swali hajapata jibu lake.

Nimemhukumu yule mwalimu miaka mingi. Mwaka jana nikaenda fild. Kipindi changu cha pili, kidato cha pili B, kijana wa nyuma alikuwa na mota ndogo ya redio chini ya dawati, ameifungia betri na kipande cha kandambili kama panga la feni. Mkaguzi wangu alikuwa amekaa pembeni na fomu yake. Nilimnyang'anya ile mota nikamwambia ataipata mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki nilikuwa najaza ripoti. Nimerudi nayo chuoni, iko kwenye droo ya meza yangu hosteli, na waya zake mbili, mwekundu na mweusi. Mkaguzi aliniandikia kwamba nina udhibiti mzuri wa darasa.

Fild inaanza tena mwezi wa saba. Nimeomba nipangiwe shule ileile.