Siti binti Saad na Hesabu ya Ndoa

Vijana wana msemo wao kwamba ndoa ni ndoana. Zamani msemo huo ulikuwa mzaha wa kumtania bwana harusi. Siku hizi unasemwa kwa hesabu. Kijana huuliza: nitoe mahari, nijenge nyumba, nilishe na nivishe, kisha siku ya talaka nigawane mali nusu kwa nusu? Wengine wamekwisha kata shauri kuwa hawaoi.

Swali hilo nililikuta mbali na pwani, katika soko la Lubao, kaskazini ya mji wa Kakamega, kwenye barabara iendayo Webuye. Msomaji asistaajabu kusikia habari za mahari na eda huko. Uislamu ulifika pande zile tangu enzi za misafara ya Waswahili iliyokuwa ikituama kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Nilikuwa nanywa chai na vijana wa Kiislamu, na mmoja wao alikwisha peleka posa, lakini moyo ulikuwa unasita. Wazee wa upande wa mke wametaja ng'ombe, shehe ametaja mahari, na rafiki zake wamemtia hofu ya mahakama. Akaniuliza kama ndoa inastahili hatari yote hiyo. Mimi si kadhi, wala sikumpa fatwa. Nilimsimulia maisha ya mwanamke mmoja wa Unguja, na ndiyo ninayowasimulia leo.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini magharibi ya kisiwa cha Unguja, karibu ya mwaka 1880. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, nalo lilieleza hali ya wazee wake. Baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua, watu wa bara waliojikuta katika nchi ambayo utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Riziki ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi. Binti alijitwika vyungu kichwani akenda kuviuza, akivinadi njia nzima, na yasimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kumwona mwenyewe.

Akaolewa angali kijana, akapata mtoto mmoja, kisha ndoa ikavunjika.

Hapa ndipo penye hesabu yenyewe. Katika sheria yetu mke aliyeachwa baada ya kuingiliwa anastahiki mahari yake yote. Talaka ikiwa ya rejea, ana chakula na makazi mpaka eda iishe, na wanavyuoni wametaja kitoka nyumba cha kumpoza. Mtoto naye posho yake iko juu ya baba. Hizo ni haki kamili, na anayezidhulumu ana jawabu la kutoa mbele ya Mungu. Lakini posho hukadiriwa kwa mfuko wa mume, na penye umasikini, hata ikitolewa yote haijazi pishi. Eda ikisha, mlango umefungwa. Basi vijana wanaosema kuwa hasara ya talaka ni ya mwanamume peke yake, na waangalie nani aliyebaki na mtoto mgongoni na vyungu kichwani.

Mwaka 1911 Siti aliihama Fumba akaingia mjini Unguja kutafuta maisha. Hakuwa na ukoo wa kumbeba wala mali ya urithi. Alikuwa na sauti. Mjini alikutana na watu wa muziki waliomfundisha kuimba kwa kufuata ala, na akajifunza kusoma Kurani kwa mahadhi. Tarabu wakati huo ilikuwa starehe ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu tangu ilipoingizwa katika jumba la Sayyid Barghash kutoka Misri. Siti na wenzake, akina Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Buda bin Swedi na Maalim Shaaban, waliiimba kwa Kiswahili, ikatoka jumbani ikafika ng'ambo, wanakokaa wachukuzi, wafinyanzi na madobi. Wenye kijicho walimkebehi kwa sura na kwa asili yake. Waliompenda walimwita Siti, yaani bibi mtukufu, na jina la Mtumwa likafa.

Mwaka 1928 kundi hilo lilisafiri mpaka Bombay kutia sauti katika sahani za santuri. Siti akawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na sahani zikauzwa kwa maelfu, Lamu na Mombasa, Dar es Salaam na bara. Nyimbo zao hazikuwa za mapenzi tu. Ziliimba kesi za mahakamani, dhuluma ya wenye nguvu, na mwanamke aliyeuawa na mtu aitwaye Kijiti. Aliyeachwa bila kitu akawa ndiye msemaji wa waliodhulumiwa. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Hata wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha gazeti lao mwaka 1988 walilipa jina la Sauti ya Siti.

Nimeyasimulia haya kwa sababu moja. Talaka ilimkuta Siti na kazi mkononi, na kazi ni mali isiyogawanywa. Lakini si kila binti ana koo la Siti. Walii anayemwoza mwanawe bila kumfundisha kazi amemtia katika biashara ya mtu mwingine bila mtaji, na siku duka likifungwa atatoka mikono mitupu.

Kwa upande wa mume, hofu ya nusu kwa nusu ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Kwetu Waislamu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake, ndoani na baada ya ndoa. Sheria ya Kenya ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 imemruhusu Mwislamu kufuata sheria ya dini yake katika jambo hilo. Na kwa wanaohukumiwa kwa sheria hiyo ya serikali, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2023 kuwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake uliothibitishwa, na kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango. Mke naye anayetaka kujivua kwa khului hurudisha mahari. Kila upande una mzigo wake.

Kubwa ni kutochanganya mambo. Ng'ombe wa mila ya Waluhya huenda kwa baba wa binti, na ndoa ikivunjika mume huweza kuwadai. Mahari ya sharia ni ya binti mwenyewe. Anayetoa vyote viwili na avitenge tangu siku ya posa, aandike mbele ya mashahidi kipi ni mahari na kipi ni cha wazee. Mke akichangia fedha ya kiwanja, iandikwe pia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya kuandikiana deni. Hakuna aibu ya wachumba kushika kalamu.

Nasema ndoa inastahili. Ni nusu ya dini, ni malezi, ni mwenzi wa uzeeni, na vitu hivyo havinunuliwi sokoni. Anayeikimbia kwa kuogopa talaka ni kama nahodha anayeacha chombo kioze ufukweni kwa kuogopa kuzama. Lakini asafirie chombo kilichokalafatiwa, na kila aliye ndani awe anajua kuogelea. Siti alijua, na ndiyo maana alipozamishwa hakufa maji.